Aliyelelewa Utange akawa Mmarekani lini?

Mwalimu_Kisauni:
Assalam aleikum jamaa. Nasomesha historia skuli moja huku Kisauni. Darasa langu lilipojua kuwa Ilhan Omar, mbunge wa jimbo la Minnesota huko Marekani, aliwahi kuishi kambi ya wakimbizi ya Utange, hapa hapa kwetu, kijana mmoja akauliza: "Mwalimu, alianza kuwa Mmarekani lini?" Alifika 1995, uraia akapata 2000, Bunge la Wawakilishi akachaguliwa 2018. Hayo ni ya karatasi. Mwanahistoria wa Kimarekani Frederick Jackson Turner alidai mwaka 1893 kuwa Mmarekani aliumbwa na mazingira mapya: Mzungu alifika magharibi na desturi zake, pori likamvua desturi hizo. Mwaonaje?

Mzee_wa_Kibokoni:
Mwanangu, ardhi ambayo Turner aliihesabu kuwa ya bure ilikuwa na wenyewe. Na mlango haukulindwa na pori, ulilindwa na sheria. Mwaka 1790 mgeni aliyeruhusiwa kuandikishwa uraia ni Mzungu huru tu. Mwaka 1882 vibarua wa Kichina wakazuiwa kuingia, na sheria hizo hazikufutwa hadi 1943. Wong Kim Ark alizaliwa San Francisco, akasafiri China, aliporudi akakatazwa kushuka melini. Mahakama ya Juu ndiyo iliyotamka 1898 kuwa ni raia. Mtu kazaliwa pale pale, mazingira yamfanye nini zaidi? Hapa Mombasa Wapate na Wafaza wamo katika Thenashara Taifa, yaani mataifa kumi na mawili ya Waswahili wa Mombasa, jina la walikotoka wanalo hadi leo, na hakuna awaambiaye si watu wa Mombasa.

Bi_Majengo:
Mimi ni wa Majengo, naishi Minneapolis, huko huko Minnesota. Mtaa wa Cedar-Riverside zamani ulijaa wahamiaji wa Skandinavia. Sasa ni Wasomali. Baridi imetubadilisha kweli, mavazi, chakula, hata saa za kutembeleana. Lakini nasi tumewabadilisha. Kanuni ya bungeni ya tangu 1837 ilikataza kufunika kichwa ukumbini. Januari 2019 ililegezwa, Ilhan akaingia na hijabu yake. Siku ile nililia, wallahi.

Mwalimu_Kisauni:
Shukrani nyote. Mzee wangu, kwa Wong Kim Ark nimekubali. Turner simtupi lakini: baridi anayoisema Bi Majengo haimuulizi mtu cheti. Jumatatu nawapa darasa Turner na Wong Kim Ark wabishane juu yao, na kanuni ya 1837 naiongeza.