Mapine ya RAV4 ya Mama

Kikundi: NYUMBA YA HIMBI
Jumamosi

Amani, 07:14
Salama wote. Mama, usipige simu, mikono yangu imejaa grisi. Pine la nyuma upande wa kuume limekwisha. Si tundu. Limepasuka ubavuni, mpasuko unaingiza kidole. Niko Ndosho hapa Goma, kwa kwado, fundi wa mapine.

Amani, 07:15
📷 Picha

Mama Sifa, 07:16
Pole mwanangu. Wewe mwenyewe uko mzima?

Amani, 07:17
Mzima kabisa. Nilikuwa natoka Sake polepole, si mwendo. Ni koro moja tu, jiwe la lava, limechomoza kando ya barabara, nilikuwa nampisha mtu wa chukudu, kile kigari cha mbao cha mizigo. Jibini nimezipakia kwenye pikipiki mbili, zimekwenda soko la Virunga.

Neema, 07:20
Kwado anasemaje? Haliwezi kuzibwa?

Amani, 07:22
Anasema usoni penye meno angeziba hata matundu matatu, ubavuni hapana. Nimeweka la akiba, nalo ni kipara.

Baba Mdogo Pascal, 07:31
Huyo kwado ni mtu wa kweli, mshukuruni. Ubavu unakunjika kila gurudumu linapozunguka. Kiraka hapo kinashika siku moja, siku ya pili kinakuachia kwenye mteremko. Nimeendesha Fuso miaka mingi, nimeona yaliyoshonwa kwa uzi wa nailoni na mwenye gari akalipa nauli ya mazishi. Amani, usirudi Sake na hilo la akiba. Njoo nyumbani moja kwa moja.

Mama Sifa, 07:33
Umesikia baba yako mdogo.

Amani, 07:33
Nimesikia. Natoka sasa.

Yaya Bahati, 08:05
Mama shikamoo, Baba Mdogo shikamoo. Ndiyo naamka hapa Liège. Poleni sana. Kumbe Mungu ana njia zake: garajini tunapofanya kazi kuna mapine manne ya misimu yote, saizi ile ile ya RAV4, 215/70 R16. Bosi ameniambia nichukue bure. Yana meno ya milimita 6, na jipya huwa na kama 8. Kuna Mkongo mwenzetu anayejaza kontena Antwerp mwezi huu.

Neema, 08:07
Bure?? Yaya, mkubwa wetu, Mungu akubariki.

Mama Sifa, 08:08
Amina. Na hayo "misimu yote" maana yake nini? Yanafaa mvua na kiangazi?

Yaya Bahati, 08:19
Mama, huku watu wana mapine ya kiangazi na mapine ya baridi kali. La kiangazi, hali ya hewa ikishuka chini ya nyuzi 7 hivi raba yake inakakamaa, halishiki barabara. La baridi limetengenezwa kwa raba laini na lina mikato midogo midogo usoni inayong'ata theluji, lakini ukiliendesha kwenye joto linalika kama kifutio. Kwa hiyo mwenye gari anabadilisha mara mbili kwa mwaka, na analipa mara mbili. La misimu yote ni mapatano kati ya hayo mawili, unaliacha mwaka mzima. Kwenye theluji halifikii la baridi, kwenye joto halifikii la kiangazi, lakini linakutoa.

Baba Mdogo Pascal, 08:26
Bahati, asante kwa maelezo. Sasa nikuulize kwa upole. Hapa Goma, hata usiku wa Julai unaovaa koti, ni lini tulifika nyuzi 7? Theluji tunaiona juu ya Ruwenzori kwenye picha. Hiyo mikato midogo itang'ata nini huku? Itang'ata makoro, na makoro yataing'ata zaidi.

Shangazi Furaha, 08:40
Mie nipo, nawasoma kutoka Bukavu. Msiyadharau mapine hayo. Mwanangu aliweka ya misimu yote kwenye kagari kake, na kuteremka kutoka Kadutu siku ya mvua kanatulia kuliko zamani. Udongo wetu mwekundu ukilowa ni sabuni, mnaujua. Yale ya baridi kabisa ndiyo yalituumiza, mwaka mwingine tulinunua bila kujua. Safari chache za Uvira, joto lile la bondeni baada ya kushuka Ngomo, yakaisha meno yote.

Amani, 08:52
Shangazi, ninyi ni udongo na mteremko. Sisi ni jiwe. Hiyo ndiyo tofauti. Sijawahi kukosa kushika barabara, nakosa pine lenyewe. Hili ni la tatu mwaka huu na yote matatu yamekufa ubavuni, meno yakiwa bado mazuri.

Baba Mdogo Pascal, 08:58
Hapo umesema. Makoro ya volkano ya Nyiragongo ya 2002, yale ya katikati ya mji, yamekanyagwa miaka na miaka, yamepoteza makali. Ya 2021 huko Buhene bado ni chupa iliyovunjika. Na barabara ya Sake kila wanapomwaga kokoto mpya ni wembe mpya. Pine la Goma linachaguliwa kuanzia ubavu, halafu ndipo unaangalia uso.

Baba Mdogo Pascal, 09:00
Bahati, hebu nenda ukayatazame tena hayo manne. Ubavuni tafuta herufi DOT, usome namba nne za mwisho.

Yaya Bahati, 09:02
Sawa Baba Mdogo. Leo tunafungua saa nne kamili asubuhi, nitasoma.

Neema, 09:04
Namba hizo ni za nini?

Baba Mdogo Pascal, 09:09
Ni siku ya kuzaliwa, binti yangu. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wauzaji wanapaka mapine rangi nyeusi yanang'aa kama viatu vya mwalimu, lakini hizo namba zimechomwa kwenye raba, rangi haizifuti. Wakati mwingine ziko upande wa ndani, na muuzaji anakuonyesha upande wa nje tu. Mwambie aligeuze. Akikataa, umepata jibu.

Yaya Bahati, 10:21
Nimesoma. Yote manne: 3816.

Neema, 10:22
Wiki ya 38, mwaka 2016. Septemba 2016!

Yaya Bahati, 10:30
Naona haya kidogo, Mama. Nilipima meno nikafurahi, sikuangalia umri. Na sasa naelewa kwa nini yanatolewa bure. Yana alama ya M+S peke yake, tope na theluji. Alama hiyo mtengenezaji anajiandikia mwenyewe, hakuna jaribio linalodaiwa. Ile ya mlima wenye ncha tatu na chembe ya theluji katikati ndiyo inayopatikana kwa kujaribiwa. Ujerumani tangu tarehe 1 Oktoba 2024 barabara ikiwa na theluji au barafu hawakubali tena M+S tupu. Hapa Ubelgiji hatuna sheria hiyo, lakini kutoka Liège hadi Aachen ni karibu, wateja wetu wengi wanavuka kila siku. Ndiyo wanayaacha kwetu.

Mama Sifa, 10:34
Usione haya, mwanangu. Ulitaka kutusaidia.

Baba Mdogo Pascal, 10:37
Kabisa, usione haya. Lakini hesabu: kontena mpaka bandarini, halafu barabara mpaka hapa, ni miezi. Yatafika yakigonga mwaka wa 10, na watengenezaji wenyewe wanasema mwaka wa 10 pine linatoka hata kama meno yapo. Raba inazeeka ikiwa imelala. Inakuwa ngumu, inapasuka nyufa ndogo ndogo karibu na janti, chuma cha gurudumu, na hiyo ngumu ndiyo jiwe linaipenda. Theluji wameyakataa, sisi tuyapeleke kwenye makoro na jibini za mama yako nyuma?

Yaya Bahati, 10:38
Hapana. Nayaacha.

Amani, 12:47
Nimepita Birere kwenye maduka matatu. Nawaandikia nilivyoviona. Yote mapya, nimeyageuza yote kama Baba Mdogo alivyosema, na yote yamezaliwa ndani ya miaka miwili.
Duka la kwanza: 215/70 R16 100H, ya lami, dola 85 moja.
La pili: 215/60 R16, dola 70. Anasema janti ni ile ile 16, yataingia.
La tatu: 215/70 R16 100T, yale ya A/T, ya njia za kila aina, yenye meno makubwa, dola 120.

Neema, 12:50
Sanduku la jibini lina dola 400. Ya 70 ni 280 kwa manne, inabaki 120 ya minerval, ada ya shule, ya Sifa mdogo. Mimi naona hayo ya pili. Kama yanaingia kwenye janti, tatizo liko wapi?

Yaya Bahati, 13:06
Neema, hapo acha nikuzuie, hii ni kazi yangu. 215 ni upana kwa milimita. Namba ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. Kwa 70, ubavu ni kama sentimita 15. Kwa 60 ni karibu 13. Umepoteza sentimita 2 za mto kati ya jiwe na janti, kila upande, na gari zima limeshuka sentimita 2 karibu na makoro. Koro lililokuwa linabonyeza ubavu litabana ubavu kwenye chuma, na hapo nyuzi za ndani zinakatika. Mama atalipa hizo dola 120 kabla ya Pasaka. Tena kilomita za dashibodi zitadanganya.

Neema, 13:08
Sawa, nimeelewa. Basi ninunue mawili ya nyuma tu, yale ya 120, ya mbele yaendelee.

Yaya Bahati, 13:13
Kwa gari lingine ningesema ndiyo, mapya yakae nyuma. Lakini RAV4 ya Mama inavuta magurudumu yote manne. Ukiweka makubwa nyuma na yaliyolika mbele, hayazunguki sawa, na kile kifaa cha katikati kinachogawa nguvu kinasukumana bila kupumzika mpaka kinaungua. Kukitengeneza ni zaidi ya mapine manane. Manne, ya aina moja, siku moja.

Mama Sifa, 13:15
Na hizo 100H na 100T?

Yaya Bahati, 13:19
100 ni uzito, Mama. Kila pine limekubaliwa kubeba kilo 800. Usikubali iliyo chini ya 100 kwa mizigo yako. Herufi ni mwendo wa juu, T ni kilomita 190 kwa saa, H ni 210. Hiyo herufi usiipe nafasi kichwani, barabara ya Sake haitakuuliza.

Shangazi Furaha, 13:24
Kwa hiyo ni 85 au 120. Amani, wewe uliyeyashika kwa mkono, ubavu unasemaje?

Amani, 13:33
Shangazi, nimebonyeza kwa kidole gumba yote mawili. Nimesoma pia, ubavuni pameandikwa idadi ya tabaka za nyuzi. Yote yana tabaka mbili, kwa hiyo si kwamba la 120 ni chuma. Tofauti ni kwamba raba ya begani imeteremka na kufunika karibu nusu ya ubavu, imetoka vipande vipande kama magamba ya mamba. Koro litakuta magamba kwanza. Na uso wake hauna ile mikato midogo, ni matofali manene.

Amani, 13:34
📷 Picha

Yaya Bahati, 13:41
Hilo ndilo ningechagua mimi. Lakini niseme na ubaya wake, msije mkanilaumu. Ni zito zaidi, litakula mafuta kidogo zaidi. Litanguruma. Na kwenye lami iliyolowa, breki yake inaweza kuwa ndefu kuliko ya lile la 85. Amani, asubuhi ya mvua pale boulevard Kanyamuhanga, mwachie aliye mbele yako nafasi mara mbili.

Baba Mdogo Pascal, 13:47
Na upepo, Amani. Nakujua unamwambia kwado aweke bar 3 ili mawe yasipenye.

Amani, 13:48
Kila mtu anaweka 3, Baba Mdogo.

Baba Mdogo Pascal, 13:55
Kila mtu ananunua mapine kila baada ya miezi minne pia. Pine lililojaa kupita kiasi limekazwa kama ngoma, jiwe likiligonga halina pa kukimbilia, linakatika. Nalo linalika katikati tu. Lenye upepo kidogo mno nalo linabanwa kwenye janti. Fungua mlango wa dereva, kuna kibandiko, soma kile. Pima asubuhi pine likiwa baridi. Na geji usitegemee ya kwado, nunua yako, Neema aikate kwenye pesa ya sanduku.

Neema, 14:02
Geji nitaikata. Tatizo ni 480, na sanduku lina 400. Minerval je?

Yaya Bahati, 14:06
Nilikuwa nimetenga dola 150 za nafasi ya kontena. Natuma leo jioni. 80 zinajaza mapine, zinazobaki ni geji na mwanzo wa minerval ya Sifa.

Mama Sifa, 14:08
Bahati, mwanangu. Kula vizuri huko.

Neema, 14:09
Aksanti Yaya. Kweli aksanti.

Shangazi Furaha, 14:15
Amani, na wakati wa kufunga, angalia kama ubavuni kuna mshale. Fundi mmoja wa huku alimfungia mwanangu mawili yakiangalia nyuma, tukawa tunashangaa maji hayakimbii.

Amani, 14:18
Haya hayana mshale, Shangazi, nimeangalia. Lakini nitasimama juu ya fundi mpaka mwisho.

*Jumatatu*

Amani, 11:26
📷 Picha
Yameingia manne. Bei imeshuka hadi 115 kwa sababu tumelipa taslimu. Lile la akiba kipara nimelitoa, nimechagua la mbele lililokuwa zima kuliko wenzake, limekaa kama akiba. Saizi ni ile ile.

Baba Mdogo Pascal, 11:29
Vizuri sana. Baada ya safari ya kwanza ya Sake, kaza tena nati za janti.

Mama Sifa, 11:37
Nimekaa ndani, gari limenyanyuka kama limevaa viatu vipya. Linanguruma kweli, lakini nimelizoea tayari. Na yale ya zamani yako wapi?

Amani, 11:38
Uani. Nilitaka kuyatupa.

Mama Sifa, 11:41
Usitupe. Yule kijana wa jirani anayechonga chukudu alinijia jana, anatafuta raba ya kuvalisha magurudumu ya mbao. Yale mawili yaliyoisha mpe, hata lile lililopasuka, ubavu yeye haumsumbui, anakata uso. Mwambie asilipe. Aniletee tu magunia mawili ya makaa siku akipita Sake.

Amani, 11:43
Ameshafika, Mama. Anapima kwa kamba.