Ushauri: Wodi yetu inafunga vijana kitandani na kuwatenga. Tuanzie wapi kupunguza?

Sista_wa_Zamu: Wakuu, habari za jioni. Mimi ni nesi wodi ya magonjwa ya akili, hospitali siitaji. Wodi ya vijana hatuna, kwa hiyo mtoto wa miaka 14 analala na watu wazima. Wengi wanaletwa na ndugu wakiwa wamefungwa kamba, viganja vimevimba. Tunaikata ile kamba mapokezi, halafu akianza kurusha sahani tunamfunga sisi kwa vitambaa, au anadungwa sindano na kufungiwa chumba cha peke yake. Usiku tuko manesi wawili na mlinzi.

Sasa kuna binti, kila akishikwa mikono anapiga mayowe akimtaja mtu wa kwao. Sitaki ashikwe tena. Kwenye kikao naambiwa, "Kwa watumishi hawa utafanyaje?" Naomba ushauri unaotekelezeka.

Kigogo72: Dada, nakuelewa, ila nimekaa wodi ya wanaume miaka mingi. Kijana aliyechanganyikiwa ana nguvu za watu watatu. Mwenzangu alivunjwa taya. Vitambaa visiondolewe kabla hamjapata watu.

Mbeya_Ughaibuni: Kigogo72, pole kwa mwenzako, lakini kule kushikana ndiko kunakoumiza watu wengi, manesi nao wakiwemo. Huku Uingereza kijana Olaseni Lewis, miaka 23, alifariki mwaka 2010 baada ya kukandamizwa na polisi 11 katika hospitali ya akili London. Mama yake na baba yake walipigania hadi ikapatikana sheria ya 2018 ya matumizi ya nguvu wodini. Kwa hiyo la kwanza kabisa, hata kesho asubuhi: hakuna kumlaza mtu kifudifudi na kumkalia mgongoni. Kifua kinashindwa kutanuka, anakata pumzi huku nyie mnadhani ametulia.

La pili, daftari. Kila tukio andikeni saa, nani alikuwepo, na hasa nini kilitokea dakika chache KABLA. Mtashangaa mengi yanaanzia kwenye "hapana" ya mtumishi: kunyimwa simu, chai kuchelewa, kuamriwa kulala. Hayo hayahitaji bajeti.

Na inawezekana. Wodi ya watoto ya Cambridge Hospital, Massachusetts, ilikuwa na matukio 281 ya kushika na kufunga watoto kwa miezi 9. Walipowafundisha watumishi kukaa na mtoto na kutafuta naye suluhisho la kinachomkwaza, miezi 15 iliyofuata likawa tukio 1.

Nilishalala_Huko: Nililazwa nikiwa na miaka 16. Nilifungiwa, nikabanwa na mkojo, nikagonga mlango kuomba choo. Kule kugonga wakaandika kwamba bado nina fujo, nikaongezewa sindano. Sista, kama ni lazima umfungie mtu, kaa pale dirishani, mwambie atatoka akifanya nini, muulize choo na maji. Akitoka, kaeni mzungumze. Mimi hakuna aliyewahi kuniuliza.

Mama_Tatu: Huyo binti mmempeleka ustawi wa jamii? Anachokisema siyo ugonjwa tu. Mwiteni afisa ustawi na dawati la jinsia na watoto, na ndugu anayetajwa asiruhusiwe kumtembelea.

Sista_wa_Zamu: Mama_Tatu, afisa ustawi anakuja kesho, asante sana. Nilishalala_Huko, pole mno, nimekusoma mara mbili.

Leo mchana nilimkalisha binti na karatasi, nikamuuliza akianza kupandwa tufanyeje. Akaandika mwenyewe: "Nikisokota pindo la kanga msinisogelee wanaume. Sista aje, akae mbali kidogo. Nipeni maji ya baridi. Redio izimwe." Nimeibandika ndani ya faili lake, na zamu ya usiku nimewasomea kwa sauti.

Daftari nimeanza kulichora. Mbeya_Ughaibuni, ungeongeza safu gani?

Mbeya_Ughaibuni: Weka "tulijaribu nini kabla ya kumshika". Pakiwa patupu, matroni ataanza kuuliza.