Uzio wa mbao umekuwa kijivu, kibaraza vanishi inabanduka: nisafishe vipi kabla ya kupaka upya?

mwenyeji_mafinga

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada kwa wanaojua mbao za nje, siyo fenicha za ndani.

Uzio ni wa mbao za paina, urefu mita 40, kimo mita 1.8, mbao za inchi moja kwa sita kama zilivyotoka kwenye msumeno, hazijapigwa randa. Nguzo ni milingoti (mikaratusi) iliyotiwa dawa. Mbele ya nyumba kuna kibaraza cha mbao zilizopigwa randa, mita 5 kwa 3, kilipakwa vanishi ya kung'aa. Vyote vina miaka mitatu.

Hali ya sasa: upande wa uzio unaopigwa na jua ni kijivu kama jivu la jikoni. Upande wa nyuma, chini ya miparachichi, kuna ukijani na vidoa vyeusi kama pilipili manga iliyomwagwa. Kila msumari una mchirizi mweusi unaoteremka chini. Kibaraza ukikikwangua kwa kucha vanishi inatoka ganda zima, na chini yake mbao imeshakuwa nyeusi.

Nimeshauriwa mambo mawili: nipake oili chafu kote, au nipige vanishi nyingine juu ya hii. Mimi nataka mistari ya mbao ionekane. Niandae nini, kiasi gani, na nianze lini? Niko Mafinga, nyanda za juu kusini, na tuko katikati ya Agosti, asubuhi bado ukungu mzito.

msasa_sitini

Mkuu, hapo una matatizo manne yanayofanana kwa macho tu, na kila moja lina dawa yake. Ukiyatibu kwa dawa moja utapoteza hela.

Kijivu cha upande wa jua siyo uchafu. Jua limevunja lignini, ile gundi inayoshika nyuzi za mti, mvua ikaiosha, zikabaki nyuzi zilizokufa. Ni utando mwembamba kuliko karatasi, lakini rangi yoyote ukiipaka juu yake inashika nyuzi hizo, haishiki mbao. Nyuzi zikidondoka, na rangi inaenda nazo. Kwa hiyo hapo kazi ni kusugua, jiki haitasaidia kitu.

Vidoa vyeusi ni kuvu, ukijani ni mwani. Pima hivi: dondosha tone la jiki isiyochanganywa kwenye doa, subiri dakika mbili. Likififia, ni kuvu. Likibaki lilivyo, ni vumbi au kutu.

Michirizi ya misumari ni chuma kukutana na tanini, kemikali ya asili iliyo ndani ya mti. Jiki haiitoi. Inatolewa na asidi ya oksaliki, gramu 30 hadi 60 kwa lita ya maji ya moto, unapaka kwa brashi kwenye mchirizi tu, unaacha dakika 15 na kusuuza vizuri. Ni sumu, vaa glavu na miwani. Asidi ya sitriki inafanya kazi hiyo hiyo ila kwa udhaifu. Na kama misumari ni ya kawaida, isiyopakwa zinki, mchirizi utarudi mvua za kwanza tu. Badilisha hiyo misumari, au walau izamishe na uzibe kichwa.

Kuosha upande wenye kuvu: kwenye ndoo ya lita 20, jiki lita 5, maji lita 15, na glasi moja ya sabuni ya unga. Angalia sabuni isiwe na amonia. Jiki usiichanganye kamwe na asidi yoyote, hata ndimu, maana inatoa gesi ya klorini. Ndiyo maana oksaliki inakuja siku nyingine, baada ya jiki kusuuzwa kabisa.

Lowesha kwanza majani ya miparachichi na bustani kwa maji matupu. Paka dawa kuanzia chini kwenda juu, ukianza juu inateremka na kuacha mistari isiyofutika. Dakika 10 hadi 15, isikaukie hapo. Sugua kwa brashi ngumu ya nailoni kufuata mistari ya mbao, kisha suuza kutoka juu. Brashi ya waya iache dukani: vipande vyake vinabaki ndani ya mbao, vinashika kutu, unapata vidoa vipya mia. Na bomba la kupulizia dawa za shamba usilitumie kwa jiki, tumia kopo na brashi.

Chuma_Kipya

Mnamchosha tu jamaa. Oili chafu haina gharama, mchwa hawaigusi, watu wamepaka tangu zamani. Paka mara mbili kwa mwaka, kazi imeisha.

seremala_wa_kusini

@Chuma_Kipya, kwenye zizi la ng'ombe la mbali na nyumba sitabishana nawe sana. Lakini huyu anataka mistari ionekane, na ana kibaraza ambacho watoto watakalia.

Oili ya injini iliyotumika haikauki. Mafuta ya kitani (linseed) hukauka kwa sababu yanashika hewa na kuganda. Oili ya injini imetengenezwa isigande. Inabaki inanata, inakamata vumbi lote la Septemba na Oktoba, inachafua nguo, na ina mabaki ya metali za injini yanayoteremka na mvua hadi kwenye udongo wa bustani. Mchwa inawasumbua kwa muda, wakishapata ufa wanapita kwa ndani.

Ubaya mkubwa unakuja baadaye: mbao iliyokunywa oili haipokei rangi tena. Hakuna sabuni itakayoitoa yote. Utaipiga randa milimita kadhaa, au utaigeuza upande wa pili, au utanunua nyingine. Kwa hiyo huo ni uamuzi usio na kurudi nyuma, na hauhitaji kuufanya mwaka huu.

Vanishi juu ya vanishi ni kosa dogo zaidi lakini ni kosa. Vanishi ni ngozi. Mbao ya nje inavimba masika na kusinyaa kiangazi, ngozi inapasuka, maji yanaingia kwenye ufa na hayana pa kutokea. Huo weusi chini ya ganda ni kuvu iliyokaa kwenye maji hayo. Ukipaka juu unaifungia ndani.

Unachohitaji ni rangi ya kupenya, ile ya mafuta inayoitwa steini madukani, yenye rangi ya kahawia kidogo. Usichukue isiyo na rangi kabisa. Chembe za rangi ndizo zinazolikinga jua, na kwa mwinuko wa huku jua ni kali hata kama hewa ni baridi. Mafuta ya kitani peke yake nayo siyashauri: kwa baridi ya Mafinga au Njombe yanachelewa kukauka, na kuvu wanayapenda.

msasa_sitini

Naongezea kibaraza. Zamisha vichwa vyote vya misumari milimita 2 au 3 kwanza, la sivyo msasa utachanika kila mita. Kwangua vanishi iliyolegea kwa skrepa. Kisha msasa namba 40 kuondoa iliyobaki, namba 60 kusawazisha, malizia na 80 na usipite hapo. Watu wanalainisha hadi 150 wakidhani ndiyo ubora, kumbe wanaziba vinyweleo na rangi haipenyi, inakaa juu kama vanishi ile ile waliyoikimbia.

Pitisha kisu au kipande cha bati katikati ya mbao na mbao, toa majani na udongo. Upenyo wa milimita 3 hadi 5 lazima uwe wazi, mbao za kibaraza zinaanza kuoza pembeni, siyo katikati.

Uzio usiupige msasa. Ile mikwaruzo ya msumeno ndiyo inayokunywa rangi vizuri. Brashi na maji ya sabuni vinatosha kutoa nyuzi za kijivu. Ukiazima mashine ya kuoshea magari, tumia ncha ya kutawanya maji, simama sentimita 30 kutoka kwenye mbao na mkono usisimame sehemu moja. Paina ni laini. Ukisogea karibu, maji yanachimba sehemu laini ya mstari na kuacha ngumu imesimama, mbao inabaki na manyoya.

mwenyeji_mafinga

Asanteni sana wakuu. Nimepima kwa tone la jiki, nyuma limefifia kweli, upande wa jua halijafanya kitu.

Maswali mawili. Lita ngapi? Na kuna mbao 12 chini zimeoza, nimenunua mpya, ni mbichi kabisa, nzito. Naweza kupaka zote pamoja?

seremala_wa_kusini

Lita: mita 40 mara 1.8 ni mita za mraba 72, pande mbili 144. Mbao isiyopigwa randa inakunywa sana, lita moja inafunika mita za mraba 3 hadi 5. Chukua 4, unapata lita 36. Iliyopigwa randa lita moja inafika mita 8 hadi 10, kwa hiyo kibaraza cha mita 15 ni lita 2 kwa mkono mmoja, yaani kupaka mara moja. Nunua lita 40 na uone. Ukipaka upande mmoja tu wa uzio ili kubana matumizi, mbao itanyonya maji kwa nyuma na kupinda, kwa hiyo kama hela haitoshi ni bora kufanya nusu ya urefu pande zote mbili, nusu nyingine mwakani.

Mbao mbichi hapana. Maji yaliyojaa ndani hayaachi nafasi ya rangi kuingia. Zipange kwenye kivuli penye upepo, weka vijiti katikati ya kila safu, uzito kidogo juu zisipinde. Kujua zimekauka bila kifaa: kata kipande cha futi moja kutoka katikati ya mbao mojawapo, siyo mwishoni, kipeleke kwenye mizani ya duka, andika uzito juu yake kwa penseli. Kiache na wenzake, kipime kila baada ya siku nne. Paina mbichi inaweza kupoteza hata theluthi moja ya uzito au zaidi. Ukiona vipimo vitatu mfululizo havishuki, zimefika. Kwa inchi moja na hewa ya Septemba, hesabu wiki tatu hadi sita.

Kwa mbao za zamani ulizoosha, siku mbili tatu za jua zinatosha, kisha nyunyiza matone ya maji. Yakizama ndani ya dakika moja, paka. Yakisimama kama shanga, bado kuna unyevu au kuna vanishi umeisahau.

Na usirudishe kosa lililoozesha hizo 12. Zilikuwa zimegusa udongo, sivyo? Acha sentimita 5 kutoka ardhini. Mwisho wa mbao unanyonya maji kama mrija, huko paka mara mbili hadi tatu, kabla hujazipigilia.

baridi_ya_Njombe

Kuhusu muda: osha sasa, Agosti hii, lakini kupaka ngoja Septemba ianze kuchangamka. Chini ya nyuzi joto 10 rangi nyingi za mafuta hazikauki vizuri, na usiku wa huku bado zinashuka hapo. Mwisho wako ni Oktoba, usibahatishe na mvua za Novemba. Wa Tukuyu wana nafasi finyu zaidi, kule mvua haiulizi mwezi.

Anza saa 4 asubuhi umande ukishakauka, acha saa 9 alasiri ili ishike kabla ya umande wa jioni. Fuata kivuli: upande wa magharibi asubuhi, wa mashariki mchana. Kwenye mbao iliyochomwa na jua rangi inakauka kabla haijazama.

Makopo yote yamimine kwenye ndoo moja kubwa ukoroge, la sivyo kopo la tatu litatofautiana na la kwanza na uzio utakuwa na viraka. Koroga tena kila baada ya dakika kumi, chembe zinazama. Paka mbao mbili au tatu kwa wakati mmoja, toka juu hadi chini bila kuishia katikati. Baada ya dakika 15 hadi 20 tazama kwa pembeni: panapong'aa pana rangi ya ziada, futa kwa kitambaa. Watu wengi hawafuti, wanaona wanapoteza rangi. Hiyo ya ziada ndiyo itakayonata wiki nzima. Mkono wa pili kwenye uzio ni pale tu panapoonekana pamekauka kama hapajapakwa.

mwenyeji_mafinga

Nimeelewa. Vipande vya nguzo za mlingoti vilivyobaki nivipasue kuni?

seremala_wa_kusini

Hapana kabisa, hata kwa kuchemshia maji ya kuoga. Zile zenye rangi ya kijani mara nyingi zimetiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki. Moshi wake na jivu lake ni sumu, na jivu usilimwage bustanini. Ukizikata vaa barakoa na kusanya vumbi lote.

Na vile vitambaa vya kufutia rangi ya mafuta usivikunje na kuvitupa kwenye kona ya stoo. Vinapata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka bila kiberiti. Vitumbukize kwenye ndoo ya maji, au vitandaze kimoja kimoja kwenye kamba nje hadi vikakamae.