Papa Kalisti I: alikula hela za wajane au alichafuliwa na mpinzani wake?

MLETA MADA
Wakuu habari za muda huu. Nimekutana na mabishano kuhusu Papa Kalisti I, yule aliyekuwa askofu wa Roma kuanzia kama 217 mpaka 222, upande mmoja wanasema Kanisa linamheshimu mwizi, upande wa pili wanasema hayo yote ni uongo wa kutungwa. Mi sikubaliani na yeyote kati yao.

Shida inaanzia kwenye chanzo. Karibu kila kitu tunachojua kuhusu ujana wake kimeandikwa na mtu aliyemchukia, kwenye kitabu cha kupinga uzushi ambacho wataalamu wengi wanasema ni cha Hipoliti, msomi wa Roma aliyekataa kumtambua Kalisti akabaki na kundi lake. Nakala ya sehemu hiyo ilikuja kuonekana mlima Athos huko Ugiriki mwaka 1842, ikachapwa 1851, yaani kwa karne nyingi watu walikuwa wanamwomba Mtakatifu Kalisti bila kuijua kabisa hii stori.

Stori yenyewe ndo hii. Kalisti alikuwa mtumwa wa Mkristo mmoja anaitwa Carpophorus, mtu wa nyumba ya Kaisari. Bosi akampa mtaji afungue benki mtaa wa Piscina Publica, wajane na ndugu wa kanisani wakaweka hela zao kwa kuamini jina la Carpophorus, hela ikapotea. Kalisti akakimbilia bandari ya Portus akapanda meli iliyokuwa inasubiri kuondoka, meli iko katikati ya bandari, mara anamuona bosi kwa mbali anakuja, ila mvushaji wa boti ya bosi anajivuta, Kalisti akajirusha majini. Mabaharia wakamvua, akarudishwa Roma akatiwa kwenye kinu cha kusagia nafaka, adhabu ya watumwa.

Waliomtoa kinuni ni walewale waliopoteza hela! Walimlilia Carpophorus amwachie, sababu Kalisti alisema kuna watu anawadai. Baadae akazua vurugu kwenye sinagogi siku ya Sabato, Hipoliti anadai alikuwa anatafuta kufa, mi naona inaelekea zaidi alifuata madeni yake. Fuscianus, mkuu wa mji, akamchapa viboko akampeleka migodi ya Sardinia.

Mi matukio nayaamini, maana Hipoliti aliandika wakati watu wa Roma waliomjua Kalisti bado wapo, huwezi kubuni benki na migodi mbele yao. Ila nia anazompachika, eti mwongo, eti mjanja tangu zamani, hizo siziamini. Karibuni tujadili.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Mkuu umeeleza vizuri ila unamtetea mno. Mtu msafi anakimbiaje mpaka anajitosa baharini? Na ile ya Marcia, hawara wa Kaisari Commodus, alipomuomba Papa Viktor orodha ya Wakristo walioko migodini ili wafunguliwe, Viktor aliliacha jina la Kalisti. Papa mwenyewe hakumhesabu.

MLETA MADA
Kukimbia nakuelewa, ila kumbuka ni mtumwa huyo, bosi anaweza kumfanya chochote, hakuna kesi wala wakili, ningekuwa mimi ningekimbia pia. Kuhusu orodha, aliyesema Viktor aliliacha jina makusudi ni nani? Ni huyohuyo Hipoliti. Na huyohuyo anakiri kwamba Kalisti alipofunguliwa hata hivyo na kurudi, Viktor alimpeleka mji wa Antium na kumpa posho kila mwezi. Unampa mwizi posho ya kila mwezi? Papa Zefirini, aliyemfuata Viktor, alipokuja akamrudisha Roma na kumkabidhi makaburi, ndo yale ya njia ya Appia yanayoitwa kwa jina lake mpaka leo.

Halafu tuseme ukweli, ugomvi mkubwa haukuwa benki. Kalisti aliwapokea wenye dhambi nzito waliotubu, akasema ngano na magugu viachwe vikue pamoja, na kwamba safina ya Nuhu ilibeba mpaka mbwa, mbwa mwitu na kunguru. Akawaruhusu wanawake wa ukoo mkubwa waishi na watumwa kama waume zao, wakati sheria ya Roma haikuitambua ndoa hiyo. Hipoliti aliona huo ni uchafu. Mimi naona ni mtu aliyewahi kuwa mtumwa ambaye hakukubali kumuona mtumwa mwenzake anahesabiwa si mume, na hapo kwa kweli nampenda.

MCHANGIAJI WA PILI
Sawa, ila ushahidi wa kufia dini mbona una utata? Alikufa 222, mwaka ambao Alexander Severus alianza kutawala, na huyo hakuwatesa Wakristo. Hii ya kutupwa kisimani Trastevere, mtaa wa Roma, ni hadithi ya baadae.

MLETA MADA
Ya kisima hata mimi siibebi. Ila orodha ya wafia dini ya Roma iliyomo kwenye kumbukumbu za mwaka 354 tayari inamtaja, 14 Oktoba, njia ya Aurelia. Hakuzikwa kwenye makaburi aliyoyasimamia mwenyewe, alizikwa upande wa Trastevere, na mimi nachukulia aliuawa na fujo za mtaani hukohuko, wala haikuhitaji amri ya Kaisari. Hipoliti naye mwaka 235 alipelekwa Sardinia pamoja na Papa Ponsiano, kisiwa kilekile alichomcheka nacho mwenzake, na Kanisa linawakumbuka hao wawili pamoja 13 Agosti. Anayesema Kanisa lilichagua upande mmoja aniambie basi kwa nini Hipoliti naye ni mtakatifu.