Nani kawaambia fankisheni ikikatwa vipande sita ndo imekuwa rahisi kusoma???

Wakuu habarini. Naandika nikiwa na hasira na usingizi kwa pamoja, jana nimelala saa 9 usiku kwa ujinga wa watu, mtanivumilia. Na nikisema kodi humu namaanisha kodi za programu, watu wa TRA piteni kimya.

Ofisini tunatunza mfumo wa mikopo wa saccos, umeandikwa kwa lugha ya programu ya PHP, ya zamani. Ndani kuna fankisheni moja (kipande cha kodi chenye jina na kazi yake) ya kukokotoa rejesho na faini, laini 400 na ushee, if (ikiwa hivi fanya vile) ndani ya foreach (kitanzi cha kurudia kazi) ndani ya if ndani ya if nyingine, mpaka ukitaka kuona laini inaishia wapi unaskroli kulia. Alieiandika alishaondoka zamani, katuachia komenti moja tu: "usiguse hapa". Na kweli hakuna alieigusa.

Sasa tukaletewa bosi mpya wa ufundi, akaja na PHPMD, programu ya kukagua kodi za PHP, akapima mradi mzima, ile fankisheni ikatoka na 47. Kwa wasiojua, hiyo namba inapima ugumu wa fankisheni, kipimo ni cha jamaa anaitwa Thomas McCabe, alikitoa 1976, na hesabu yake wala haina uchawi: unahesabu kila njia panda, kila if, kila kitanzi, kila case (chaguo moja kwenye switch, yaani orodha ya machaguo), halafu unajumlisha 1. PHPMD usipoibadilisha inaanza kupiga kelele namba ikifika 10. Bosi akatoa amri, kila fankisheni iwe chini ya 10, isiyofika huko haiingii. Mimi sikubisha, 47 ni aibu hata mbele ya wageni.

Sarakasi ikaanza hapo. Jamaa mmoja kachukua ile fankisheni kaikata kama muwa. hesabuMkopo1, hesabuMkopo2, mpaka 6. Hayo ndo majina, sitanii!! Ya kwanza inaziita zile tano kwa zamu, kila moja inabebeshwa vitu 11 kwenye mabano na kimoja kinaitwa $flag2, kinawashwa kwenye ya pili kinazimwa kwenye ya tano, kwa nini, Mungu ndo anajua. Ripoti ikawa kijani tupu, jamaa kapongezwa kwenye grupu la WhatsApp. Hebu pigeni hesabu wenyewe: njia panda zilikuwa 46, zote bado zipo, hajafuta hata moja, sasa hivi ziko kwenye fankisheni sita na kila moja inaongeza 1 yake, jumla 52. Tumetoka 47 tumeenda 52 halafu tunapeana hongera.

Haya, ya jana sasa. Wanachama wanapiga simu, mtu kamaliza mkopo wake na bado kakatwa faini. Nikakaa na hizo hesabuMkopo toka saa 2 usiku, naruka faili hili naenda lile, nikifika ya nne nimeshasahau ya pili ilibadilisha nini. Saa 8 ndo nikaiona. Kwenye kodi ya zamani kulikuwa na laini moja, mkopo ukikuta umeisha inafanya return, yaani inatoka kwenye fankisheni, biashara imekwisha, hakuna faini. Jamaa wakati anakata hiyo return ikaangukia ndani ya hesabuMkopo3. Kwa hiyo sasa inatoka kwenye ya 3 tu, inarudi kwa ya 1, na ya 1 haina habari yoyote inaita ya 4, na ya 4 ndo ya faini. Riviyu, yaani wenzake kuikagua kodi kabla haijaingia, ilipitishwa na watu wawili. Wawili! Waliangalia rangi ya ripoti wakalala.

Na kinachoniuma zaidi, McCabe mwenyewe alisema hiyo 10 ni kiwango cha busara tu, haina miujiza, na switch ndefu yenye kesi zinazojitegemea aliiruhusu ipite. Sisi tuna ka-switch ka kutoa majina ya miezi, kesi 12, namba 13, nyekundu! Mtoto wa la tatu anakasoma, nikaambiwa nikakate nako. SonarQube, programu nyingine ya kukagua kodi, ina kipimo kingine kinachoangalia ugumu wa kusoma, ile switch nzima kinaipa 1, ila if ikiingia ndani ya if nyingine inaadhibiwa kwa kina chake. If tatu zilizobebana ni 1 na 2 na 3, jumla 6. Zikae moja chini ya nyingine, kila moja ikishindwa inatoka zake, ni 3. Kwa McCabe zote mbili ni 4 tu. Nilishalisema hili kwenye kikao, nikaambiwa naleta siasa.

Basi usiku huo huo nikavunja vipande vyote nikaanza upya. Juu kabisa maswali matatu: mkopo umeisha? toka. Mwanachama kasimamishwa? toka. Siku za neema bado? toka. Chini nikatoa vipande ambavyo kweli vina jina, sikuZaKuchelewa, kiwangoChaFaini, kila kimoja kinapewa vitu viwili na kinarudisha namba moja. $flag2 nimeizika. Fankisheni kuu imebaki na 12 na inaingia yote kwenye skrini moja.

Asubuhi naingia nakuta mashine ya kukagua kodi imeikataa kwa sababu ya hiyo 12, na nimeandikiwa nijieleze kwa nini nimeharibu ripoti. MIMI.

Kikao Jumatatu saa 3. Naenda na laptop, nafungua zote mbili, ile ya vipande na yangu, halafu yule aliepitisha riviyu anisomee kwa macho tu bila kuirani: mtu kachelewa siku 31, analipa shilingi ngapi? Nimempa mpaka saa 5.