Waya wa shawa unapata moto ukutani: kanuni ipi ya joto ndiyo sahihi?

Mama Umoja

Habari zenu. Ninaishi katika nyumba ya kupanga huku Umoja, na bafuni kuna shawa ya umeme inayopasha maji papo hapo, iliyoandikwa wati 5,000 kwa volti 240. Ikiwashwa, taa ya sebuleni hufifia, na baada ya muda ukuta ulio kati ya sanduku la fyuzi na bafu huwa na joto unaloweza kulihisi kwa kiganja, hasa mahali pamoja karibu na mlango wa bafu. Fundi aliyekuja alisema kwamba waya uliopitishwa ukutani ni wa milimita mraba 1.5, umbali wa mita 18 hivi, na kwamba unafaa kuondolewa na kuwekwa wa milimita mraba 6. Mwenye nyumba hakatai, ila anataka kwanza aelezwe sababu.

Nilipomweleza binti yangu aliye kidato cha tatu, alinifungulia daftari lake la fizikia. Humo mna kanuni mbili za joto la umeme: wati ni mkondo mara mkondo mara ukinzani, na tena wati ni volti mara volti kugawa kwa ukinzani. Kwa kanuni ya kwanza, ukinzani ukiongezeka joto linaongezeka. Kwa ya pili, linapungua. Waya mwembamba una ukinzani mkubwa kuliko ule mnene, kwa hiyo anasema kwamba kwa kanuni ya pili waya wa 1.5 ndio ungepaswa kuwa baridi. Nimekosa la kumjibu, na sitaki kumwambia akariri tu.

Mwalimu wa Kasarani

Mama, mpe binti yako pongezi, kwa maana amesimama mahali ambapo wanafunzi wengi hupita bila kuona kitu. Kanuni zote mbili ni sahihi, na kwa kweli ni kanuni moja iliyoandikwa kwa namna mbili, kwa kuwa volti ni sawa na mkondo mara ukinzani, kama alivyoeleza Georg Simon Ohm katika kitabu chake cha mwaka 1827. Kinachomkwaza ni neno volti. Katika kanuni ya pili hazitakiwi volti 240 za nyumba, bali tofauti ya volti iliyopo kati ya ncha moja ya waya huo na ncha yake ya pili. Waya wa ukutani haukuunganishwa peke yake kati ya laini na nyutro. Ungekuwa umeunganishwa hivyo, hiyo ingekuwa shoti.

Mkondo hutoka kwenye sanduku la fyuzi, hupita kwenye waya wa kwenda, huingia katika koili ya shawa, yaani ule waya unaopasha maji, kisha hurudi kwa waya wa kurudi. Vyote vitatu vimefuatana katika njia moja, kwa hiyo mkondo unaopita ndani yake ni ule ule mmoja, nazo volti 240 hugawanyika kati yake kulingana na ukinzani wa kila kimoja.

Tuhesabu basi. Koili ya wati 5,000 kwa volti 240 ina ukinzani wa takriban omu 11.5. Waya wa shaba wenye urefu wa mita 1 na unene wa milimita mraba 1 una takriban omu 0.0172. Mita 18 za kwenda na 18 za kurudi ni mita 36. Zidisha, kisha ugawe kwa 1.5, nawe utapata omu 0.41. Njia nzima ina karibu omu 11.9, na mkondo ni ampea 20 na kitu kidogo. Volti zinazobaki kwenye waya ni kama 8.3 tu. Sasa binti achague kanuni anayoipenda: zote mbili zitampa karibu wati 167 za joto ndani ya ukuta.

Halafu aweke waya wa milimita mraba 6. Ukinzani unashuka hadi omu 0.10, mkondo unapanda hadi ampea 20.6, na joto la waya linakuwa wati 44. Ukinzani wa waya umepungua mara nne, ilhali mkondo haujaongezeka hata kwa asilimia 3, kwa sababu kinachoamua mkondo ni koili yenye omu 11.5, wala si waya. Kwa kuwa mkondo karibu haubadiliki, kanuni ya kwanza ndiyo inayoonyesha mambo waziwazi. Kanuni ya pili huonyesha waziwazi pale ambapo volti ndizo zisizobadilika, kama kwenye birika au pasi iliyochomekwa kwenye soketi, na huko ni kweli kabisa kwamba birika la wati 2,000 lina ukinzani mdogo kuliko la wati 1,000.

Wazo lake lingeanza kuwa kweli hata kwa waya, iwapo ukinzani wa waya ungepita ule wa koili. Joto la waya hupanda kadiri ukinzani wake unavyoongezeka mpaka ulingane na omu 11.5 za koili, na ukizidi hapo, joto huanza kushuka. Lakini ili kufika huko kwa waya wa 1.5 angehitaji karibu kilomita nzima ya waya.

Kosa hilo hilo la kuchukua volti zote badala ya zile zilizo kati ya ncha mbili za waya ndilo huwafanya watu wadhani kwamba kupitisha umeme kwa volti kubwa hupoteza zaidi. Umeme unaozalishwa Olkaria huletwa Nairobi kwa nyaya za volti 220,000, lakini volti hizo haziko kati ya mwanzo wa waya na mwisho wake. Volti zikizidishwa mara 10 kwa umeme ule ule unaopelekwa, mkondo hupungua mara 10 na joto linalopotea njiani hupungua mara 100.

Mkazi wa Donholm

Ahsante, Mwalimu, hesabu imeeleweka. Hata hivyo, sioni sababu ya Mama kuwa na hofu. Shawa kama hizo huwekewa swichi ya usalama ya ampea 32 kwenye sanduku, na waya ukipata moto kupita kiasi swichi hiyo itajikata yenyewe.

Fundi wa Kariobangi

Ndugu wa Donholm, hapo sikubaliani nawe hata kidogo, na ninaomba kila anayesoma aelewe kwa nini. Swichi ile hupima ampea zinazopita ndani yake yenyewe. Haina habari yoyote kuhusu joto lililoko mita 15 mbele yake ndani ya plasta. Shawa ya Mama inavuta ampea 20. Kwa swichi ya 32, ampea 20 ni mzigo wa kawaida, inaweza kuubeba mchana na usiku bila kujikata. Kwa waya wa 1.5 uliomo ndani ya bomba lililofunikwa na plasta, mzigo huo umezidi. Plastiki ya PVC inayofunika nyaya za kawaida za nyumbani imetengenezwa kuvumilia nyuzi 70 za Selsiasi. Ukiipitisha hapo kila siku hukauka, hupasuka, na mwisho shaba ya laini hukutana na ya nyutro. Ukubwa wa swichi huchaguliwa ili kuulinda waya, na swichi ya 32 mbele ya waya wa 1.5 hailindi chochote.

Mama, kilichonishtua katika maelezo yako ni pale uliposema ukuta una joto zaidi mahali pamoja karibu na mlango wa bafu. Waya mwembamba wenye unene ule ule toka mwanzo hadi mwisho hupata moto sawasawa urefu wote. Joto likijikusanya mahali pamoja, hapo pana kiungo. Nimefungua maboksi mengi ya ukutani nikakuta nyaya zimesokotwa kwa mkono na kuzungushiwa tepu, au skrubu imeshika nyuzi mbili tatu za waya na nyingine zinaning'inia. Kwa macho nyaya zimegusana, lakini umeme unapita kwenye vidoa vichache sana vya mguso, na kadiri kiungo kinavyopashwa na kupoa kila asubuhi ndivyo kinavyolegea na shaba inavyofanya ukoko mweusi, hivyo ukinzani unazidi. Na kiungo kibovu hakiongezi ampea, kinazipunguza kidogo, kwa hiyo swichi ya usalama haiwezi kukigundua.

Usiifungue shawa wewe mwenyewe. Mwite fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya Kenya inayosimamia nishati, apime volti kwenye sanduku la fyuzi na kwenye vituo vya shawa, yaani pale nyaya zinapofungwa kwa skrubu, kwanza ikiwa imezimwa kisha ikiwa inapasha maji, halafu utuletee namba hapa. Mpaka hapo, shawa isitumike.

Mama Umoja

Nashukuru sana, Fundi. Upimaji umefanyika. Shawa ikiwa imezimwa, kuna volti 238 kote kuwili. Ikiwa inapasha maji, kwenye sanduku la fyuzi zinabaki 234, na kwenye shawa yenyewe 217. Fundi ameizima kabisa kule kwenye sanduku. Binti anauliza kama waya ukipata moto ukinzani wake hubadilika, kwa sababu anaona namba hizi hazilingani na zile 8.3 za Mwalimu.

Mwalimu wa Kasarani

Hazilingani kweli, na tofauti hiyo ndiyo yenye habari tunayoitafuta.

Tuanze na mkondo. Koili ya shawa aghalabu hutengenezwa kwa nikromu, aloi ya nikeli na kromiamu, ambayo ukinzani wake hubadilika kidogo sana kwa joto, kwa hiyo tunaweza kuendelea kutumia omu 11.5. Volti 217 kugawa kwa 11.5 ni ampea 18.9. Shaba nayo hubadilika: ukinzani wake huongezeka kwa karibu asilimia 0.39 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Tukichukulia kwamba waya wote umepanda kutoka nyuzi 20 hadi 70, ukinzani wake umeongezeka kwa karibu asilimia 20, kutoka omu 0.41 hadi 0.49. Basi hata kwa makadirio hayo makali, waya unaweza kula volti 9.3 tu. Kipimo kinasema kati ya sanduku na shawa zimepotea 17. Zimebaki volti 7 na zaidi ambazo waya hauwezi kuzieleza, na kwa ampea 18.9 hizo ni zaidi ya wati 140, zote zikitoka kwenye kiungo ambacho huenda hakizidi kidole gumba kwa ukubwa. Chombo cha kuyeyushia risasi ambacho mafundi wa redio hutumia hakifiki nusu ya hapo. Fundi wa Kariobangi amekisoma kiungo hicho kutoka mbali.

Kuhusu taa ya sebuleni, naomba mwenye nyumba asiahidiwe kisichowezekana. Taa hiyo haipati umeme kupitia waya wa shawa. Hufifia kwa sababu volti za kwenye sanduku lenyewe zinashuka kutoka 238 hadi 234, yaani nyaya zinazotoka kwenye transfoma hadi kwenu zina karibu omu 0.2. Waya mpya ukiwekwa, shawa itavuta mkondo mkubwa zaidi kidogo, na taa itaendelea kufifia kama sasa au zaidi kidogo. Chanzo cha umeme kisichoshika volti zake kilimsumbua Ohm pia: betri za wakati wake ziliyumba mno, ndipo akatumia jozi ya metali, shaba na bismuthi, kiungo kimoja kikiwa kwenye maji yanayochemka na kingine kwenye barafu, akapata volti ndogo sana lakini tulivu.

Mwanafunzi wa Uhandisi

Kwa binti wa Mama, nyongeza kuhusu kinachotokea ndani ya shaba yenyewe. Elektroni huru za shaba ni nyingi mno, takriban 8.5 × 10²⁸ katika kila mita ya ujazo, kwa hiyo hazihitaji kwenda mbio ili kubeba ampea 20. Ndani ya waya wa 1.5 mwendo wao wa pamoja ni kama milimita 1 kwa sekunde, na ndani ya waya wa 6 ni robo ya milimita, na kwa kuwa umeme wetu ni wa hezi 50, mwendo huo hugeuzwa mara 100 kila sekunde, hivyo hakuna elektroni inayosafiri kutoka sanduku hadi bafuni. Atomu za shaba zilizojipanga vizuri hazizizuii. Zinazozipotosha ni mitikisiko ya atomu hizo, ambayo huzidi joto likizidi, na kasoro au atomu ngeni zilizochanganyika. Nikromu ni mchanganyiko tangu mwanzo, na ndiyo maana ukinzani wake mahususi ni zaidi ya mara 60 ya ule wa shaba na hauongezeki sana ukipashwa: vurugu iliyomo ndani yake tayari ni kubwa kuliko ile inayoletwa na joto.

Fundi wa Kariobangi

Mama, mwambie mwenye nyumba kwamba waya mpya uende mzima kutoka sanduku hadi swichi ya shawa, bila kiungo katikati. Kabla ya kuulipia, ukwaruzwe kwa kisu: ukiona weupe chini ya rangi ya shaba, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba, na ukinzani wa alumini ni karibu mara 1.6 ya ule wa shaba, kwa hiyo waya wa 6 wa namna hiyo utafanya kazi kama wa chini ya 4. Skrubu zikazwe juu ya shaba tupu, plastiki isiingie chini yake. Kisha vipimo virudiwe shawa ikiwa inapasha maji, plasta ikiwa bado haijapigwa. Kwa mita 18 za waya wa 6, kati ya sanduku na shawa zinafaa kupotea volti 2 na kitu. Zikizidi 3, viungo vifunguliwe tena.