Wakuu, likizo ya theluji imefika: niende mlimani na familia au nibaki na nyuki wa baba mkwe?

Mrina_wa_Sikonge (mwanzisha uzi)
Habari za majukumu wakuu. Mimi ni mtu wa Sikonge, Tabora. Nipo Slovenia, karibu na Kranj, mwaka wa sita sasa. Nimeoa huku na nina watoto wawili. Baba mkwe ni mfuga nyuki, ana mizinga 12 kwenye kibanda chake. Oktoba alifanyiwa upasuaji wa nyonga, akaenda kuuguzwa kwa dada yake Maribor, nyuki akaniachia mimi.

Sasa huku likizo ya shule ya Februari ni ya kuteleza kwenye theluji, hakuna mjadala. Waifu ameshapanga: siku tatu Krvavec, Jumamosi tunapanda Vogel, kule juu ya ziwa la Bohinj. Binti yangu wa miaka mitano anateleza kama kazaliwa na zile mbao miguuni. Mimi naanguka hata nikiwa nimesimama. Nimewaambia siendi, nyuki hawaachwi peke yao wakati wa baridi. Waifu kanuna, leo siku ya nne. Nishikilie msimamo au niende? Ushauri wa busara tafadhali, matusi hapana.

Bibi Mkole
Mwanangu, nenda na mkeo. Nyuki hawatakupikia ugali.

Dogo_wa_Uyui
Umenikumbusha babu yangu. Alikuwa anarina usiku, mizinga ya magome juu ya miti, na mwenge wake wa majani. Siku moja kamba ikakatika, mzinga ukatua chini pale nilipokuwa nimekaa nasubiri kulamba masega. Nilikimbia hadi kwa jirani, na nyuki nao wakafika kwa jirani. Mpaka leo yule mama haniitikii salamu. Jibu la swali lako sina, mkuu.

Mume_Kichwa
Tatizo ni kuoa mbali. Mwanaume ukisema "siendi" imetosha. Kwanini unaomba ruhusa mtandaoni?

Kaka_Oslo
Achana na huyo. Siri ya kuteleza ni viatu, visibane vidole. Kodisha, usinunue, na chukua mwalimu masaa mawili. Mimi mwaka wa kwanza nilifundishwa na mke wangu, tukakaribia kuachana kwenye kilima cha watoto.

Nta_Safi
Nafuga nyuki kusini mwa Ujerumani, mwaka wa tisa huu. Mkuu, Februari nyuki hawana haja na wewe. Wamejikusanya kama mpira, malkia katikati, wanatetemesha misuli ya mabawa bila kuruka ili wapate joto, na wanakula akiba taratibu. Kama uliwalisha maji ya sukari mpaka Septemba na kila mzinga una kilo 15 na zaidi, kazi yako ni kupitisha kijiti mlangoni kuondoa mizoga na kuhakikisha panya hajahamia. Dakika kumi kwa wiki. Mimi kila Jumapili nipo mlimani na wanangu. Wewe unalinda nini hasa?

Mrina_wa_Sikonge
Theluji inaziba milango mkuu.

Nta_Safi
Theluji laini inapitisha hewa. Nijibu hili: ukigonga mzinga na kutega sikio, mingapi inaitika?

Bibi Mkole
Mbona kimya? Tangu asubuhi.

Mrina_wa_Sikonge
Mitano.

Sawa, ngoja niseme yote. Saba imekufa. Niligundua Desemba. Asali imo, nyuki hawamo, konzi moja tu sakafuni. Mzee aliniambia tukishavuna, Agosti, niwawekee dawa ya utitiri wa varoa. Sikuweka. Nimekua na nyuki Sikonge, sijawahi kuona mtu anampa nyuki dawa, na asali yetu inasifiwa kwa hilo hilo. Nilimjibu "ndiyo baba", nikapanda ndege kwenda kwenye arobaini ya mama.

Msinihukumu. Mambo nimeshayapanga. Kuna jamaa kijiji cha pili ataniuzia makundi saba Aprili, nusu ya hela nimeshamlipa. Mzee anarudi mwisho wa likizo, lakini kibanda kina ngazi, na daktari kamkataza ngazi mpaka Pasaka. Nikipata wiki moja peke yangu nitasafisha masega, hakuna atakayejua. Sasa mnaelewa kwa nini siwezi kwenda Krvavec.

Bibi Mkole
Kumbe si nyuki. Ni uongo ndio usioachwa peke yake.

Nta_Safi
Pole kwa mama. Lakini sikiliza. Nyuki wenu wa kule wanauvumilia utitiri, hawa wa huku hawauwezi. Na nyuki wa majira ya baridi si yule wa kiangazi anayeishi wiki sita. Huyu analelewa Agosti na Septemba ili aishi miezi mitano, sita. Utitiri ukimnyonya akiwa bado mtoto, hafiki Krismasi. Ndicho kilichokupata.

La haraka: ziba leo milango ya hiyo saba. Likitoka jua, nyuki wazima watakwenda kuiba ile asali.

Na huo mpango wa Aprili, mzee hawapaki rangi malkia wake? Huku kila mwaka una doa lake mgongoni. Wa 2023 nyekundu, wa 2024 kijani.

Mrina_wa_Sikonge
Malkia wake wengi ni wekundu. Rangi nyekundu inauzwa.

Dogo_wa_Uyui
😂😂 Jamani! Anataka kughushi malkia!

Mpelelezi_Binafsi
Wakuu mnakunywa chai bila vitafunwa. Huyu mleta uzi Oktoba alikuwa anauza Vitz Kimara, namba ya simu ya Tanzania. Leo ana baba mkwe Slovenia, nyuki wanaishi kwenye theluji, na mtoto anapaa milimani. Tupia picha au mods wafunge uzi.

Mrina_wa_Sikonge
Ile Vitz ni ya mdogo wangu, nilimtangazia tu. Picha siweki, waifu ana ndugu wanaosoma Kiswahili kuliko wewe.

Mume_Kichwa
Nilijua ni chai. Mswahili na theluji wapi na wapi.

Kaka_Oslo
Wapi na wapi? Philip Boit, Mkenya, alishindana Nagano 1998 kwenye mbio za theluji. Alifika wa mwisho, na bingwa Bjørn Dæhlie alimsubiri mwishoni amkumbatie. Na 2018 Kenya ilimpeleka Sabrina Simader, wa kushuka milima. Soma kwanza.

Mpelelezi_Binafsi
Boit sawa, huyu bado.

Nta_Safi
Acheni nimpime. Mizinga ya jadi ya Slovenia ina vibao vya mbele vilivyochorwa picha. Mkuu, vya mzee vina nini?

Mrina_wa_Sikonge
Vinne vina picha, vingine rangi tupu. Kimoja Bikira Maria. Kimoja shetani anamnoa mwanamke ulimi. Kimoja kimefutika. Cha mzinga wa tatu ni mazishi ya mwindaji: wanyama wamebeba jeneza lake, sungura wanafurahi. Alikichora mzee mwenyewe. Huo mzinga wa tatu ni kati ya ile saba.

Nta_Safi
Mimi nimeridhika.

Mpelelezi_Binafsi
Hata Google ina picha hizo. Ila endelea.

Bibi Mkole
Mwambie mkeo kabla hujanunua hiyo rangi.

Mrina_wa_Sikonge
Mrejesho wakuu, siku tisa baadaye. Nilikwenda Krvavec. Nilimwambia waifu tukiwa kwenye kile kiti cha waya, miguu inaning'inia, hakuna pa kukimbilia. Hakusema neno mpaka juu. Tulipofika akasema, "Utamwambia mwenyewe," akateleza akaniacha. Nilishuka kwa makalio.

Mzee amerudi jana. Sijamwambia. Jana usiku aliniuliza nyuki wanalia vipi, maana yeye huwasikiliza kwa mpira wa bomba, ncha moja mlangoni, nyingine sikioni. Nikasema vizuri.

Lakini leo jua limetoka, nyuzi 11, na mnajua nini? Mzinga wa tatu nyuki wanatoka! Wengi! Nilikosea, haukufa! Nimewaona kutoka dirishani, mikono inatetemeka.

Dogo_wa_Uyui
Mungu ni mwema! Mwindaji kafufuka.

Nta_Safi
Mkuu, ile milango uliziba?

Mrina_wa_Sikonge
Sita niliziba. Wa tatu niliuacha. Sikuweza.

Nta_Safi
Nenda karibu. Nyuki waliofungiwa miezi mitatu wakitoka, kitu cha kwanza ni choo. Theluji ya mbele ya mzinga lazima iwe na madoa ya njano. Kama ni nyeupe, na wanaingia kwa kuhangaika huku na huku na kutoka wamejaa, hao si wa hapo. Ni nyuki wa ile mizinga mitano mizima wanabeba asali.

Mrina_wa_Sikonge
Ngoja nikaangalie. Mzee naye kawaona, anavaa viatu.